Ibada za Kutunga

Ngara, 12 Januari 2025

Mwanangu Nkusi,

Nakuandikia nikiwa nimeketi, nawe ujue hilo si dogo. Daktari wa hospitali ya misheni ameniwekea chuma kwenye nyonga, na dada yako Annah anasema nisipite karibu na sumaku nisije nikanaswa. Huyu hajaacha masihara tangu utotoni. Nilikuja kumsalimu kwa wiki mbili, mwezi wa kumi na moja, nikateleza kwenye ngazi za jiko lake, na sasa naambiwa nisahau Kigali mpaka katikati ya mwaka.

Simu usihangaike nayo. Masikio yangu unayajua, siku hizi naona midomo ya watu tu. Lakini macho bado yapo, namshukuru Mungu, na Munyakazi anapita hapa kila wiki na lori lake la maharage. Mpe yeye barua.

Nina ombi moja. Kanisani kwetu Gatsata mahali pangu ni benchi la pili, kando ya ngoma. Nyimbo sizisikii tena, lakini ngoma inanipanda miguuni, na kwa hiyo naweza kuimba pamoja na wenzangu bila kuwapoteza. Sitaki mahali pale pakae wazi. Nenda ukakae hapo kila Jumapili kwa niaba yangu, kisha uniandikie: nani aliomba, Mchungaji Habiyaremye alihubiri nini, nani alikuja na nani hakuja. Najua una shughuli. Sijawahi kukuuliza siku hizi unasali wapi, na leo pia sikuulizi. Huku Annah ananipeleka kanisani kwao kwa kiti cha magurudumu, watu ni wema, lakini mtu hukumbuka kwao.

Ni mimi mama yako,
Mukagasana


Kagugu, Kigali, 2 Februari 2025

Shikamoo Mama,

Nimefurahi kusikia kwamba sasa unaweza kuketi. Nimetimiza ombi lako kama ifuatavyo.

Ibada ilianza saa tatu kamili kwa sala ya ufunguzi. Kwaya iliimba nyimbo tatu. Mchungaji Habiyaremye alihubiri juu ya upendo. Watu walikuwa wengi. Sadaka ilitolewa, matangazo yakasomwa, na ibada ilifungwa saa sita na robo. Mahali pako nilipakalia. Ngoma ilipigwa vizuri.

Nyumba ni nzima. Nimemaliza kuweka marumaru barazani, rangi ya maziwa. Ukija utaipenda. Pole sana na maumivu, na msalimie Dada.

Mwanao,
Nkusi


Kwa barua pepe, 3 Februari 2025

Dada Annah,

Unisitiri. Barua ambayo Munyakazi anamletea Mama ni ya uongo, kuanzia sala ya ufunguzi mpaka matangazo.

Kanisa la Gatsata limefungwa tangu Desemba, wiki chache baada ya Mama kuja huko kwako. Wakaguzi wa majengo walikuja, wakaona ukuta wa upande wa bondeni una ufa wa kuingiza kiganja, wakaweka kufuli. Mimi kazi yangu ni kupima ardhi, nilikwenda kuuona ule ufa, na kwa haki walikuwa sahihi. Ningekuwa mimi ningefunga pia. Waumini wamepewa nafasi ya kujenga upya, wanajenga kidogo kidogo, na kwa sasa wanasali na wenzao wa huku Kagugu, kwenye kanisa lililo juu ya kwangu.

Nitamwambiaje mwanamke ambaye kidonda chake hakijafunga kwamba benchi lake limefungiwa? Na hata kama lingekuwa wazi, wewe unajua. Sijakaa kanisani miaka sita. Sikugombana na mtu, wala na Mungu sikugombana. Nilianza kujenga nyumba, Jumapili ikawa siku ya kusimamia mafundi, nyumba ikaisha, na Jumapili ikabaki ya nyumba.

Jambo moja tu nikwambie, maana limenikaa. Jumapili saa mbili asubuhi wanapita mbele ya geti langu, watu wa Gatsata, kwa miguu. Ni mwendo wa saa moja na nusu, na mlima juu yake. Nyiraneza, yule jirani wa Mama, amepita themanini na yumo. Viatu vyake vya ibada amevibeba kwenye mfuko wa kitambaa asivichafue. Mimi nilikuwa barazani nimepiga magoti nafuta marumaru, nikainama nyuma ya ukuta ili asinione.

Nkusi


Kwa barua pepe, 6 Februari 2025

Mdogo wangu,

Kwanza pole kwa magoti.

Sitakusaidia kusema uongo. Mama akiniuliza, nitamwambia. Lakini hajaniuliza. Jana nimerudi kutoka shuleni nikamkuta anaisoma barua yako kama anayesoma kumbukumbu za kikao cha kijiji, na kwa kweli ndivyo ilivyo. "Mchungaji alihubiri juu ya upendo." Nkusi, hata mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza aliyelala kipindi kizima angeandika zaidi ya hapo. Macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni nyonga. Nimempa dawa.

La pili, usiniambie umeacha kuabudu. Unaamka mapema kila Jumapili, unapiga magoti ukiwa na kitambaa mkononi mbele ya sakafu ya rangi ya maziwa. Unavua viatu kabla ya kuikanyaga, na wageni wako unawavulisha. Mwaka jana nilipokuja ulinifanya nikae kimya niitazame jua lilipoipiga. Nimefundisha watoto wa watu miaka ishirini na mbili na sijakutana na mtu asiyeabudu. Nimekutana tu na wanaoabudu vitu visivyoweza kuwajibu salamu.

Nakupenda, ila barua inayofuata iwe na watu ndani yake.

Annah


Ngara, 16 Februari 2025

Mwanangu Nkusi,

Marahaba. Barua nimeipata, nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili ibada ilikwisha saa sita na robo. Asante kwa kuwa makini na saa.

Sasa nataka kujua mengine. Ulipokaa pale kwenye benchi langu, ulimwona nani kwanza? Nyiraneza ana hali gani? Mchungaji alisema upendo. Upendo upi, wa nani kwa nani? Watu walipoinuka kuimba, wewe uliinuka? Siulizi ili nikupime. Mtu aliyekaa kwenye ibada hutoka na kitu, hata kama ni usingizi, na barua yako haina kitu.

Nimepiga hatua kumi na mbili kwa mkongojo. Annah alikuwa anazihesabu kwa sauti, nadhani, maana midomo ilikuwa inakwenda.

Mama yako,
Mukagasana


Kagugu, 9 Machi 2025

Shikamoo Mama,

Hatua kumi na mbili ni habari njema kuliko zote nilizozipata mwaka huu. Nisamehe kuchelewa kujibu, nilikuwa natafuta namna ya kuandika.

Wa kwanza niliyemwona ni Nyiraneza. Alikuja na viatu vyake mfukoni, akaketi, akafuta miguu kwa upindo wa kitenge chake, polepole, kidole kimoja kimoja, kama anayemwogesha mtoto. Kisha akavaa viatu na kusimama, na nilimwona amekuwa mrefu zaidi. Kabla ya kusimama alikuwa ameomba maji. Alipopewa kikombe alikiinua kidogo na kusema neno ambalo sikulisikia, na sikupaswa kulisikia, halikuwa langu. Nimeona watu wakipokea vyeti, nimeona wakikabidhiwa hati za viwanja walivyovihangaikia miaka mingi. Sijaona mtu akipokea kitu kama alivyopokea Nyiraneza kile kikombe.

Mchungaji Habiyaremye alihubiri juu ya maji. Alisema mpimaji akifika kwenye kiwanja, jambo la kwanza anatafuta mteremko, kwa sababu maji hayafundishwi njia. Ardhi yenyewe imeinama upande mmoja. Akasema na moyo wa mtu Mungu aliuumba hivyo, ukiwa umeinama kuelekea kwake. Ukiuziba hautulii. Unakwenda pembeni, unafurika kwenye nyumba, kwenye cheo, kwenye timu ya mpira, kwenye sura ya mtu mwenyewe kwenye kioo. Mtu anadhani ameacha kuabudu, kumbe amehama bonde tu. Akasema Mungu anapotukataza miungu mingine si kwamba anaogopa kupokonywa kitu. Anajua kwamba mabonde yale hayana mto chini yake, na maji yetu yatapotelea mchangani.

Baada ya hapo watu waliinuka kuimba.

Umeniuliza kama niliinuka walipoimba. Sikumbuki, Mama.

Mwanao,
Nkusi


Kwa barua pepe, 22 Machi 2025

Dada Annah,

Najua Mama amekusomea barua yangu ya mwisho, na najua unataka kuniuliza. Nyiraneza ni wa kweli, na maji ni ya kweli. Yalikuwa ya kwangu. Jumapili moja alisimama getini akaomba, na safari hii sikuwahi kujificha. Jumapili iliyofuata niliweka benchi nje ya geti, na ndoo ya maji na vikombe. Sasa wote wanapumzika hapo, watu kama arobaini, wanavaa viatu vyao, wananiaga na kupanda.

Mahubiri ndiyo sikuyasikia popote. Niliketi nimtungie Mchungaji maneno mawili matatu, yakatoka hivyo, na tangu siku hiyo hayaniachi. Juzi nilikuwa napima kiwanja kule Kabeza, nikajikuta nimesimama tu natazama mteremko, mpaka mwenye kiwanja akaniuliza kama kuna tatizo.

Jumatatu nakwenda Rusizi kwa kazi ya wiki tatu. Ili Mama asikose, nimeandika barua tatu kwa pamoja, za tarehe 30 Machi, 6 Aprili na 13 Aprili. Nimempa Munyakazi na kumwambia ampe moja kila wiki. Ya tatu imenitoka vizuri kuliko zote. Nimeweka ngoma, nimeweka watu wakicheza mpaka vumbi likapanda. Usinicheke.

Nkusi


Kwa barua pepe, 29 Machi 2025

Nkusi,

Umekamatwa. Munyakazi amezikabidhi zote tatu jana kwa mpigo. Nilipomuuliza kuhusu kumpa moja kila wiki, alisema yeye anapakia maharage, na hata maharage hayapeleki nusu nusu.

Mama amezipanga mezani kwa tarehe. Amevaa miwani, amenifukuza chumbani, anakuandikia.

Annah


Ngara, 30 Machi 2025

Mwanangu Nkusi,

Leo ni Jumapili, saa kumi jioni. Nimekwisha kusoma ibada ya leo, ya wiki ijayo, na ya wiki ile nyingine. Sikujua kwamba nimezaa nabii.

Nianze na linaloniuma, nilimalize. Tarehe 13 Aprili umepiga ngoma na kuwachezesha watu. Mwanangu, ile ni wiki ya maombolezo, ya kuwakumbuka waliouawa mwaka wa tisini na nne. Nani kwetu anacheza ngoma wiki hiyo? Tunakaa, tunawataja watu wetu, tunaimba kwa sauti ya chini. Najua hukukusudia. Uliandika ukiwa umeiacha kalenda mbali. Nimelia kidogo, nimekusamehe, na hatutalirudia.

Sasa niseme na langu, maana hukuficha peke yako. Nilijua tangu barua ya kwanza. Munyakazi alipoileta, Annah alikuwa shuleni. Nikamuuliza habari za Gatsata, maana lori lake linalala kule. Alipoona simsikii alichukua kalamu akaandika kwenye kiganja chake: KANISA LIMEFUNGWA. Nililia siku mbili, na dada yako akadhani ni nyonga, akaninywesha vidonge. Siku ya tatu niliichukua tena barua yako yenye saa sita na robo, nikakasirika vizuri. Yale maswali niliyokuuliza nilitaka yakushinde, uungame.

Halafu ikaja ile ya Machi. Nkusi, niliisoma nikaweka miwani chini. Ibada ile haikuwako, nilijua. Lakini nilijua pia kwamba aliyeiandika anaitamani. Mwongo anayetaka tu kumridhisha mama yake huandika "watu walikuwa wengi". Haandiki vidole vya miguu vya Nyiraneza. Na yale mahubiri: Mchungaji Habiyaremye ni mtu mwema na namwombea kila siku, lakini miaka kumi na tisa nimemsikiliza, kisha nimemtazama midomo, na hajawahi kuhubiri hivyo. Hakuna aliyekuhubiria. Ulikuwa peke yako mezani, unatafuta uongo wa kumtumia mama, na ukaingiza mkono ukatoa kile. Tangu hapo nilinyamaza kwa makusudi, nikawa nasubiri nyingine kama mtoto anayesubiri hadithi. Huo ndio udanganyifu wangu, nami nakuomba radhi.

Nikueleze kitu ambacho sijawahi kukueleza. Tulipoikimbia Rwanda na kuvuka mto mwaka wa sitini na moja nilikuwa na miaka minane. Tulifika huku huku Ngara, porini, mvua inanyesha, hatuna hata sufuria. Kila mwanamume alipaswa kusimika nguzo za kibanda chake. Baba yangu na wenzake, kabla hawajakata mti hata mmoja wa kibanda, walifyeka mahali pa mviringo na kupanga magogo ya kukalia. Mama yangu alimgombeza, akamwambia watoto wanalowa. Baba alisema, "Najua," akaendelea kupanga. Tukaketi tumelowa hivyo hivyo, tukaimba wimbo mmoja, akaomba mzee mmoja ambaye hakujua kusoma. Baada ya hapo walijenga vibanda kwa nguvu ambayo asubuhi haikuwamo miilini mwao.

Miaka yote hii nimejiuliza ni nani aliyewaambia wafanye vile. Mchungaji hatukuwa naye. Kitabu kilikuwa kimoja, nacho kimelowa. Watu waliopoteza kila kitu, jambo la kwanza wanatafuta mahali pa kumshukuru Mungu, wakati hata sababu ya kushukuru haionekani. Mimi nimesikia watu wa shule wakisema dini tulifundishwa. Nyimbo tulifundishwa, kweli. Lakini hamu hakutufundisha mtu. Mtoto mchanga hutafuta ziwa kabla hajaliona, na kwa sababu analitafuta, najua kwamba aliyemuumba ameliumba na ziwa.

Sasa sikiliza. Ombi langu la Januari nalifuta. Usiende kanisani kwa ajili yangu. Ukienda ili kumfurahisha mama utakuwa unaniabudu mimi, na mimi ni kikongwe mwenye chuma nyongani, sifai. Barua endelea kuandika. Ila andika ulichokiona, hata kama ni marumaru.

Mama yako anayekupenda,
Mukagasana


Kagugu, 21 Aprili 2025

Shikamoo Mama,

Nimerudi kutoka Rusizi Jumatano na kuikuta barua yako. Nilianza kuisoma nimesimama, nikaimalizia nimekaa sakafuni. Nisamehe uongo wa kanisa. Ile ngoma ya wiki ya maombolezo umesema hatutairudia, kwa hiyo nasema tu kwamba nimeona aibu na nitaendelea kuiona.

Naandika nilichokiona. Kwanza, nilichoelezwa na jirani. Wiki tatu nilizokuwa sipo, geti lilikuwa limefungwa, na benchi ninalowawekea watu wa Gatsata na ndoo ya maji viko ndani. Wao walifika kama kawaida, wakaketi chini kwenye ukingo wa barabara, mbele ya geti lililofungwa, wakavaa viatu vyao. Kisha waliomba wakinitaja jina, nifike salama huko nilikokwenda. Sikuwa nimewaambia kwamba nasafiri. Waliona tu kwamba sipo. Mimi nimetunga ibada tano, Mama, na hakuna hata moja niliyofikiria kuweka jambo kama hilo.

Jana, Pasaka, walipita wamevaa meupe, zaidi ya sitini. Nyiraneza aliketi kwenye benchi. Anajua kwamba tulikulia Tanzania, kwa hiyo ananisemesha kile Kiswahili chake cha sokoni Nyabugogo, na anakifurahia. Akasema: "Wewe mutoto ya Mukagasana, maji yako iko muzuri, urakoze, asante. Sasa mimi iko nauriza. Miguu yangu iko mubovu, rakini inaenda. Yako iko muzima. Inangoja nini?"

Nikamwambia nina kazi za nyumba. Akaigeukia nyumba, akaitazama kwa makini, baraza, madirisha, mpaka paa. Akasema: "Ni muzuri kweri. Itangoja. Nyumba haina haraka." Akainuka na kwenda.

Sikwenda, Mama. Nilisimama getini mpaka wa mwisho akapotelea kwenye kona. Inaniuma kukuandikia hivyo siku moja baada ya Pasaka, lakini umesema niandike nilichokiona, na nilichokiona ni migongo yao. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Watu hawana jengo, wameamka alfajiri, wamepanda mlima na viatu mkononi, na hakuna hata mmoja anayetembea kama mtu aliyenyang'anywa. Nimewapenda na nimewaonea wivu, yote kwa pamoja.

Jumamosi nilikwenda Gatsata kuwapimia msingi wa ukuta mpya. Mchungaji Habiyaremye alinishikia kamba na hakuniuliza lolote. Kazi ile ninaiweza. Ile nyingine sina hakika, Mama. Nadhani nimesahau inavyoanza.

Mwanao,
Nkusi


Ngara, 2 Mei 2025

Mwanangu Nkusi,

Hii ndiyo barua yako ya kwanza. Nimeitenga na zile nyingine.

Nimempenda Nyiraneza siku zote, sasa nimempenda zaidi. Mchungaji naye, kwa kuwa hakukuuliza lolote, sitamnung'unikia tena akirefusha mahubiri.

Unasema umesahau inavyoanza. Haianzi kwako, kwa hiyo huna cha kukumbuka. Ni yeye anayeanza, wewe unaitikia, na kuitikia hata ng'ombe anajua akiitwa. Shida yako naijua tangu ukiwa mdogo. Wenzako walikuwa wanaomba, wewe umefumbua jicho moja unahesabu mabati. Ulikuwa unatoka kanisani na idadi ya watu, idadi ya madirisha, na nani amechelewa, na baba yako alikuwa anacheka mpaka nyumbani. Kipaji hicho Mungu amekupa na kimekulisha. Ila kuna saa moja ya wiki ambayo mtu hatakiwi kupima. Siku utakapokwenda, kama utakwenda, jaribu kulisahau jicho lile.

Hatua mia moja na nne. Nimefika kwenye geti la Annah na kurudi bila kushikwa. Daktari anasema mwezi wa nane nitapanda gari kurudi nyumbani, na nitakalia benchi lolote watakalonipa, la Gatsata au la Kagugu.

Mama yako,
Mukagasana


Kagugu, 11 Mei 2025

Shikamoo Mama,

Leo nilikwenda nao. Nilifunga geti, nikapanda. Kwenye ile kona kali Nyiraneza alinishika mkono, na mpaka tunafika juu sikujua ni nani kati yetu aliyekuwa akimsaidia mwenzake.

Nimeketi sasa nikuandikie kama ulivyozoea, na sina la kuandika. Sijui ibada ilianza saa ngapi wala ilikwisha saa ngapi. Mahubiri yalikuwako, marefu, siwezi kukurudishia hata sentensi moja. Sijui watu walikuwa wangapi, wala nani alichelewa, wala kwaya iliimba nyimbo ngapi. Barua hii itakuwa fupi kuliko zote za uongo, unisamehe.

Sikuangalia, Mama. Nilikuwa naimba.

Mwanao,
Nkusi